Maharage Yaliyofukuliwa Mchana

Mtu mmoja alikuwa na chungu cha marehemu mama yake, na tangu akipate hakuwahi kukipikia kitu. Jina lake Asegelile. Chungu kilikaa darini jikoni, juu ya kuni, kikipakwa masizi mwaka hadi mwaka. Mkewe, Subilaga, alipotaka kukishusha akipikie viazi, Asegelile alimkataza, akasema chungu cha mama si cha kuchezea. Lakini ukweli ni kwamba kila alipokitazama alikumbuka jambo alilokuwa akilitunza kwa bidii kuliko alivyokitunza chungu chenyewe. Mdogo wake alimzika mama bila kumsubiri.

Ilikuwa hivi. Asegelile alikuwa akifanya kazi mbali, kwenye mashamba ya chai upande wa pili wa mlima, mama yao alipozidiwa. Gwakisa, mdogo wake, ndiye aliyebaki nyumbani. Ndiye aliyemnywesha mama uji, ndiye aliyembeba mgongoni asubuhi kumtoa nje aote jua na jioni kumrudisha ndani. Mama akafariki katikati ya masika. Mto ulikuwa umejaa, daraja limekwenda na maji, na njia ya kutoka kwenye chai imekatika. Gwakisa alisubiri, akasubiri tena, mpaka wazee wakamwambia kwamba maiti amesubiri vya kutosha. Akamzika. Maji yalipopungua na Asegelile akafika, alikuta udongo wa kaburi umeshashuka na majani yameanza kuota.

Huko kwao, mtoto wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza juu ya mama yake. Yeye hakuutupa. Alisimama pale kaburini na begi lake mkononi, na badala ya kumlilia mama, akamgeukia mdogo wake kwa maneno ambayo sitayarudia hapa.  Tangu siku ile hawakusemezana. Mashamba yao yalipakana, nao walilima wakipeana migongo. Watoto wao wakikutana kisimani waliteka maji kimya kimya, kama watu wasiojuana, nao walikuwa na pua moja. Watu wa kijiji waliwazoea. Jiwe likikaa njiani siku nyingi, hakuna anayeuliza tena lilitoka wapi, wanalizunguka tu.

Sasa, kijiji kile hakikuwapatanisha watu kwa maneno. Walisema maneno ni mepesi, kila mtu anayo. Waliwapatanisha kwa maharage. Aliyekosa huleta maharage, aliyekosewa hutoa chungu. Asubuhi na mapema wanachimba shimo pamoja, wanalitandika mawe, wanawasha ndani yake kuni ngumu za mti wa muwati mpaka yabaki makaa matupu. Maharage yaliyolowekwa tangu jana yake yanachemshwa kidogo, yanatiwa chunguni pamoja na maji na kitunguu. Chumvi hapana. Chumvi ikitangulia, maharage hukaza. Hutiwa mwisho kabisa, yakishalainika, na kila mmoja wa wale wawili hutia ya kwake kwa vidole vyake.

Mdomo wa chungu hufungwa kwa majani ya mgomba, juu yake mfuniko, na ukingo wote hukandikwa udongo mbichi. Nusu ya makaa hutolewa, chungu hushushwa, makaa hurudishwa juu yake. Juu ya makaa majivu, juu ya majivu udongo mweusi, na wale wawili huukanyaga udongo ule kwa miguu yao mpaka usitoke moshi hata kidogo. Kisha kila mmoja hushika njia yake, akaenda kwenye kazi yake. Shimo halilindwi. Halichunguliwi. Jua likiegemea mlima wanarudi na watu wao, wanafukua, wanatia chumvi, wanakula chungu kimoja, na yale yaliyowagombanisha hayatajwi tena mpaka mmoja wao aingie kaburini.

Ninyi mnaopika mnajua kwa nini shimo halichunguliwi. Kaa lililofunikwa haliwaki wala halifi. Linakaa na moto wake, linautoa kidogo kidogo mchana kutwa. Likifunuliwa na kupata hewa, linafurahi. Linawaka vizuri, linapendeza kulitazama, na baada ya muda mfupi limekuwa jivu. Na maharage yaliyokatishwa moto katikati, hata uyarudishie moto wa siku nzima, yatapasuka nje na ndani yatabaki magumu. Kule husema yameshtuka.

Basi asubuhi moja, baada ya mavuno, Gwakisa alikuja kwa kaka yake na kikapu begani. Hakuingia uani. Alisimama nje ya ua, akatua kikapu, akavua kofia.

"Shikamoo, kaka. Nimekuja tufukie."

Asegelile alikuwa amekaa kibarazani akinoa jembe. Alikuwa na majibu ya siku hiyo, aliyatengeneza miaka mingi, ameyapanga vizuri kichwani, makali kuliko lile jembe. Akaendelea kunoa. Gwakisa akaendelea kusimama. Ndipo Subilaga alipotokeza mlangoni mwa jiko na kusema, "Baba Ipyana, mtu anaungua na jua."

Asegelile akainua macho, akaona kikapu. Yalikuwa maharage ya njano, yale aliyoyapenda mama yao, yamechaguliwa moja moja, hamna lililotobolewa wala lililovunjika. Mtu alikuwa ameketi akayachagua kwa siku nyingi. Yale majibu yote yakamtoka kichwani. Akaitikia marahaba. Kisha akaingia jikoni, akapanda mwenyewe juu ya gogo, akashusha chungu cha mama yake. Alipotoka nacho macho yalikuwa mekundu, na akasema ni masizi.

Alisamehe. Nataka hilo lieleweke, maana wako watakaosema alijifanya. Hakujifanya. Alisamehe kwa moyo wake wote, asubuhi ile, mbele ya kikapu kile, na usiku ule alilala usingizi ambao hakuulala tangu mama afe.

Kesho yake walichimba. Mmoja alichimba, mwingine alitoa udongo, na waliokuwa wakipita kwenda mashambani walisimama kutazama, wakawapa pole ya kazi kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Kaa lilimrukia Gwakisa mguuni, akacheza ngoma isiyo na mpigaji, na Asegelile akacheka mpaka akashika tumbo. Wakacheka wote wawili. Wakashusha chungu wakishikilia kila mmoja upande wake. Gwakisa akarudisha makaa, Asegelile akamwaga majivu, wakavuta udongo, wakaukanyaga bega kwa bega. Walipomaliza, moshi haukuonekana. Wakaagana, kila mmoja akaenda kwenye shamba lake.

Na laiti siku ile ingeishia hapo.

Asegelile alipalilia viazi vyake mpaka jua likawa utosini. Upande wa chini, mpakani, Gwakisa naye alikuwa akilima. Akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa kazi tu, ule wanaouimba watu wote wakivuta jembe, lakini Asegelile aliposikia sauti ile ikipanda mlimani, kitu kikamchoma. Akawaza, anaimba. Miaka yote hii mimi nimekaa na uchungu, yeye ameleta kikapu kimoja, na kabla chungu hakijaiva anaimba. Amepona upesi mno huyu.

Akainama kupalilia. Wazo halikuinama naye. Akakumbuka kwamba ni Gwakisa aliyerudisha makaa. Je, aliyarudisha yote? Hakubakiza mengine kando? Na maji je, yalitosha? Na maharage yenyewe, ni ya mwaka huu kweli, au ni ya zamani yaliyopakwa mafuta yang'ae? Wazo moja likaita jingine, na yote yalikuja yamevaa nguo za busara. Hakuna hata moja lililosema, bado una kinyongo. Yalisema, ni vizuri kuhakikisha. Yalisema, ni kwa faida ya wote wawili.

Akaweka jembe begani, akapanda kwenda shimoni. Watu wote walikuwa mashambani. Alizunguka shimo mara moja kama mtu aliyepoteza kitu, akanusa, hakusikia harufu yoyote. Bila shaka hakusikia, shimo lililofungwa vizuri halinuki. Lakini yeye alisema moyoni, umeona, moto umekufa. Akachimbua udongo. Akaondoa majivu. Akayafikia makaa, yakiwa mekundu kabisa, na yalipopata hewa yakawaka kwa furaha. Akabandua udongo ukingoni, akainua mfuniko, akafunua majani ya mgomba.

Maharage yalikuwa mazuri. Yalikuwa yamevimba, yamegusana, yanatokota polepole kama yanayozungumza. Mvuke ukampiga usoni, na harufu ile ilikuwa ya mama yake hasa, ya jikoni kwa mama yake, jioni anaporudi kutoka shambani. Akachota moja kwa kijiti, akaliuma. Nje lilikuwa laini, ndani bado kidogo. Kila kitu kilikuwa kinakwenda kama kinavyotakiwa. Mdogo wake hakumdanganya kwa lolote.

Aliona haya. Angeweza kuishia kwenye haya. Lakini mtu aliyekuja kuhakikisha hapendi kuondoka bure, akaona maji yamepungua kidogo. Akachukua kibuyu chake cha kunywea, akamimina maji ya baridi. Kutokota kukanyamaza. Akafunika haraka, akakandika, akarudisha makaa ambayo tayari yalikuwa yameanza kuvaa kijivu, akavuta udongo, akaukanyaga peke yake. Kisha akarudi kwenye viazi. Gwakisa alikuwa bado anaimba.

Jioni walikuja wote. Atuganile, mke wa Gwakisa, alikuja na watoto waliooga. Subilaga alikuja na chumvi ameifunga kwenye jani la mgomba. Majirani walikuja na sahani zao, wala hawakuona aibu kuwa nazo. Gwakisa alishika jembe ili afukue, akainama, akabaki vilevile ameinama. Alikuwa ameona majivu. Majivu yaliyozikwa chini ya udongo asubuhi sasa yalikuwa juu, yamechanganyika na udongo, kijivu kwenye weusi, na alama za nyayo zilikuwa za mtu mmoja. Aliona. Kisha akafukua kama asiyeona kitu.

Makaa yalikuwa majivu matupu. Chungu kilikuwa vuguvugu. Gwakisa, kwa kuwa ndiye aliyekosa, ndiye aliyeonja kwanza. Akatia mdomoni, akatafuna, na watu waliokuwa karibu wakasikia. Asegelile akaonja wa pili. Lilikuwa kama kokoto iliyovishwa ngozi.

 Halafu ukaanza mnong'ono, na mnong'ono ule ukaelekea upande mmoja, maana kule husema wazi: maharage yasipoiva, aliyeyaleta aliyaleta na moyo mbaya. Mzee mmoja akasema maharage ya njano ya zamani hung'aa vilevile. Mwanamke mmoja akachukua sahani yake. Mwingine akauliza, kwa sauti ya kusikika, aliyemzika mama bila mwanawe wa kwanza angeshindwa nini kuleta maharage mabovu. Atuganile aliinamisha kichwa. Alikuwa ameyachagua yale maharage kwa vidole vyake.

Gwakisa angeweza kunyoosha kidole kwenye udongo ule wenye majivu, na kila mtu angeelewa. Hakunyoosha. Alimtazama kaka yake, akangoja. Ilikuwa nafasi ya Asegelile, na alijua ni nafasi yake. Neno lilimfika kooni. Akafikiria uso wake mbele ya watu. Akafikiria watakavyosema. Akalimeza. Nawaambieni, katika maisha yote ya mtu yule hakuna alichokimeza kikawa kigumu kuliko hicho, na bado alikimeza.

Basi Gwakisa akachota sahani yake ijae, akaketi chini, akala. Alikula maharage yale magumu mpaka sahani ikawa tupu, taratibu, mbele ya watu, kama mtu anayekula chakula kizuri. Akanawa mikono. Watu walipokuwa wanatawanyika akamsogelea kaka yake karibu sana, akauliza kwa sauti ya chini.

"Kaka, ulipofukua, ulikuta nini?"

Asegelile akainama akaanza kukusanya majani ya mgomba. Gwakisa akangoja kidogo, akavaa kofia yake, akaondoka na watu wake. Chumvi ilirudi nyumbani kama ilivyokuja, ndani ya jani. Subilaga aliyahamishia maharage yaliyobaki kwenye sufuria, akaiweka chumvi na jani lake ndani ya chungu, na chungu kikarudi darini.

Kesho yake Asegelile aliyarudisha maharage yale motoni. Aliwasha kuni nzuri, alikesha nayo karibu, akaongeza maji ya moto, akafanya yote yanayofanywa. Yalipasuka ngozi. Ndani yalibaki vilevile. Aliwapa kuku, na kuku wakayachagua.

Hawakurudi kwenye ugomvi, kama mnavyodhani. Ingekuwa nafuu. Tangu siku ile Gwakisa alimsalimu kaka yake kila walipokutana, kwa heshima zote. Asegelile akienda kwake alipewa kiti kizuri, akaletewa chai, akaulizwa habari za watoto na za ng'ombe. Hakunyimwa kitu. Lakini Gwakisa hakuimba tena akiwa shambani upande ule, na hakuja tena na kikapu. Mara nyingi Asegelile alivaa koti lake aende akaseme neno moja tu, nilifukua mimi. Akifika alikaribishwa vizuri mno, neno likapotea kwenye adabu, akanywa chai akarudi. Akasema atasema baada ya kupalilia. Baada ya kupalilia akasema atasema baada ya mavuno. Na kijijini Gwakisa aliendelea kuwa mtu aliyeleta maharage mabovu.

Kisha Gwakisa akaugua. Haikuwa homa ya kutisha mwanzoni, na Asegelile, aliyekuwa amekwenda ng'ambo ya mto kwa binti yake aliyejifungua, alisema akirudi atapitia kwake moja kwa moja, na safari hii atasema. Mvua ikanyesha. Mto ukajaa. Habari ya msiba ilimfikia akiwa ng'ambo, na daraja lilikuwa chini ya maji.

Alizunguka kwa njia ya juu, ya milimani, akitembea na kulala kwenye nyumba za watu asiowajua. Njia nzima alijua atakachokikuta. Alikiona mbele yake, udongo umeshashuka, majani yameanza kuota. Na alijua kwamba safari hii hatakuwa na wa kumgeukia.

Lakini alipokata kona ya kuingia kijijini aliona watu. Walikuwa wamesimama mvuani, wamejifunika mifuko na majani ya mgomba, na majembe yamelala chini. Kaburi lilikuwa wazi. Jeneza lilikuwa barazani, na wazee waliokuwa wakilalamika tangu juzi walinyamaza walipomwona. Atuganile akaja akampokea begi.

"Shemeji, alisema asifukiwe mpaka kaka yake afike."

Walimshusha Gwakisa kaburini. Asegelile akachota udongo kwa mkono wake, ule udongo mweusi wa kwao. Hapo, mkono ukiwa bado umefumba juu ya kaburi, ndipo alipoweza. Alisema mbele ya watu wote kwamba siku ile ni yeye aliyefukua chungu. Alisema maharage ya mdogo wake yalikuwa mazuri. Sauti yake ilikuwa kubwa, na mvua ilikuwa kubwa, na aliyekusudiwa hakuwa na masikio tena. Atuganile akamwambia taratibu kwamba Gwakisa alijua, na nyumba nzima ilijua, na aliwakataza wasiseme, ili siku moja kaka aje aseme mwenyewe. Kila alipomwona amevaa koti lile, alimwambia mkewe aweke chai.

Asegelile akafumbua mkono. Udongo ukaanguka. Wengine wakachukua majembe, wakafukia, wakaukanyaga kwa miguu, na yeye akakanyaga pamoja nao. Walipoondoka wote alibaki amesimama pale, akitazama udongo uliokanyagwa vizuri, na hilo ndilo shimo la kwanza maishani mwake ambalo angetoa chochote alichonacho ili alifukue, na ndilo ambalo halifukuliki.

Basi ninyi mlioketi hapa, mnaosema mlishasamehe, mlishafukia, mlishakanyaga: ni nani kati yenu ambaye hajarudi shimoni mchana, na leo hii ni nani anayekula maharage magumu kwa ajili yenu na kunyamaza?